Kwiri za usiku kwenye kompyuta ya stoo

Kuanzia 2017 hadi 2021 nilikuwa nashughulikia kompyuta za duka moja la jumla la dawa hapa Mwanza. Duka lilikuwa na kompyuta tano, na mojawapo, ile ya mezani iliyokaa stoo nyuma ya marobota ya pamba, ndiyo iliyobeba kanzidata yote: mauzo, manunuzi, madeni ya wateja, na bechi za dawa, yaani mafungu yaliyotengenezwa pamoja, na tarehe zake za kuisha muda. Hatukuwa na chumba cha seva. Ilikuwa kompyuta ya kawaida ya kuandikia barua na kufungulia Excel, na juu ya hiyo hiyo kulikuwa na kazi zinazojiendesha watu wakiwa wamelala. Moja ilitoa orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda, nyingine ilijumlisha mauzo, nyingine ilitengeneza nakala rudufu ya kanzidata.

Kazi hizo nilizipanga mimi. Nayaandika yaliyotupata kwa ajili ya vijana wanaoajiriwa leo kwenye maduka, SACCOS na zahanati, ambako mtu anaambiwa "wewe si ndiye wa kompyuta?" kisha anakabidhiwa kila kitu.

Programu yetu ya mauzo ilitumia SQL Server Express, toleo la bure la Microsoft. Toleo tulilokuwa nalo, la 2014, haliruhusu kanzidata moja kuzidi gigabaiti 10, na kwa duka kama letu hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba halina SQL Server Agent, yaani sehemu ya kupangia kazi za muda maalumu. Aliyenunua toleo la kulipia anapanga humo humo. Sisi wa toleo la bure tunazunguka: unaandika kwiri, yaani swali unaloiuliza kanzidata, kwenye faili lake, unaandika faili dogo la amri, lile linaloishia na .bat, ambalo linaita sqlcmd, programu ya kuipelekea kanzidata amri, na kuipa hiyo kwiri, kisha unaiachia Task Scheduler ya Windows ilifyatue kwa saa uliyoitaka. Njia hii inafanya kazi vizuri. Sikuwahi kuona sababu ya kumshawishi mwenye duka anunue leseni kwa ajili ya jambo hilo peke yake.

Shida ya kwanza ilitoka kwenye saa. Bosi alitaka kupata mauzo ya siku "saa mbili, nikishakula." Mwenzangu aliyekuwa zamu siku ile akaandika 2:00. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, na kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita. Kwa hiyo ripoti ikawa inatoka saa nane usiku. Kwiri iliambiwa ijumlishe mauzo ya leo, na saa nane usiku "leo" ina umri wa saa mbili na duka limefungwa. Siku tatu mfululizo bosi alipokea sifuri. Siku ya tatu aliwaita makarani wa kaunta akawauliza kwa ukali kwa nini hawaingizi mauzo kwenye mashine, na dada mmoja alilia mbele ya wateja. Hakuwa na kosa lolote. Tangu siku ile, kila ratiba naiandika kwenye karatasi kwa hesabu zote mbili, saa mbili usiku na 20:00 pembeni yake, na aliyeomba ripoti anaisoma kwa sauti kabla sijagusa kompyuta.

Tuliporekebisha saa, ripoti bado haikutoka. Karani wa mwisho alikuwa akifunga duka saa moja na nusu jioni na kuzima kila kitu, kama alivyofundishwa, ili kubana umeme. Kuna kisanduku kwenye mipangilio ya kazi kinachosema kompyuta iamshwe ili kazi ifanyike, nami nilikuwa nimekitegemea. Lakini kinaiamsha kompyuta iliyolala, siyo iliyozimwa. Nikabandika karatasi juu ya kitufe: USIZIME HII, ZIMA SKRINI TU. Nikakaa na kila mmoja nikamweleza sababu. Maelezo yalifanya kazi kuliko karatasi, kwa sababu karatasi ilibanduka baada ya mwezi na kompyuta haikuzimwa tena.

Mwaka wa pili ndipo lilipotokea jambo ambalo sijalisahau. Kwiri ya tarehe iliorodhesha kila bechi iliyobakiza siku 180 au chini ya hapo, na iliyofika siku 90 iliwekewa nyota. Siku 90 ndizo zilizokuwa mstari wetu. Dawa ikibakiza miezi mitatu, hospitali yenye wagonjwa wengi bado inaipokea kwa bei ya punguzo, kwa sababu itaimaliza ndani ya wiki chache. Ikishuka hadi miezi miwili, mteja wa zahanati anayekuja kutoka Ukerewe mara moja kwa mwezi haigusi, na ana haki. Kwa hiyo wiki mbili tatu za kuchelewa kuiona nyota zinatosha kuigeuza dawa nzuri kuwa mzigo.

Mtunza stoo wetu alikuwa dada makini sana. Siku hiyo alikuwa anapanga rafu, akashika katoni ya dawa mseto ya malaria ya watoto, akasoma tarehe ubavuni, akaja kwangu na katoni mkononi.

"Kaka, hii nimeihesabu, imebaki siku 71. Mbona kwenye orodha yako haina nyota?"

Nikamwambia hilo haliwezekani. Tukaenda kwenye kompyuta, orodha ikiwa imefunguliwa kwenye Excel kama kila siku. Nikashuka nayo mstari kwa mstari hadi nikaikuta ile bechi. Kwenye skrini ilisomeka siku 91. Kwenye katoni, siku 71. Tulitazamana. Orodha tuliyokuwa tukiiamini kila asubuhi ilikuwa ya siku 20 zilizopita.

Chanzo kilikuwa hivi. Faili la orodha lilikuwa na jina moja siku zote, na kazi ya alfajiri ilitakiwa kuliandika upya. Lakini lilikuwa wazi kwenye Excel ya kompyuta ile ile. Dada hakuwa na sababu ya kulifunga: asubuhi aliwasha skrini, akabofya dirisha chini, akasoma. Mimi ndiye niliyewaambia wazime skrini tu. Na Excel ikiwa imeshika faili, hakuna programu nyingine inayoruhusiwa kuandika juu yake. Kila alfajiri kwiri ilikimbia vizuri, ikatoa orodha mpya kwenye folda ya muda, amri ya kunakili ikakataliwa kwa sababu faili linatumiwa na programu nyingine, orodha ya zamani ikabaki pale pale.

Kwa nini sikuona? Kwa sababu nilikuwa nimetia kazi mbili kwenye .bat moja. Baada ya kunakili orodha, faili lile lile liliendelea kutengeneza nakala rudufu ya kanzidata, na hiyo ilifanikiwa kila siku. Faili la amri usipoliambia vinginevyo, linamaliza safari na matokeo ya programu ya mwisho. Task Scheduler ikapokea sifuri, ikaandika 0x0, ambayo kwake maana yake ni salama. Mara ishirini mfululizo iliandika salama. Nilikuwa naifungua kila Jumatatu, naiona ile 0x0, nafunga nikiwa na amani.

Zilikuwa katoni 14. Tano tuliziuza kwa hasara kwa hospitali moja iliyotuonea huruma. Tisa zilihamia kwenye kona iliyozungushiwa utepe mwekundu, kusubiri kuteketezwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya dawa, wakati huo bado ikiitwa TFDA, kabla ya kuwa TMDA mwaka 2019. Fedha ilimuuma bosi, na ilikuwa haki yake. Mimi kilichoniuma ni kwamba ilikuwa dawa ya malaria ya watoto, huku Kanda ya Ziwa, ambako kila mwaka tunaona inavyohitajika. Nilipita kando ya ule utepe kila siku kwa miezi.

Basi nikavunja kila kitu nikajenga upya. Kila ripoti ikapata jina lenye tarehe yake, kwa hiyo hakuna faili linaloandikwa juu ya jingine. Hapo nako kuna mtego: ukichukua tarehe kwa %date% ndani ya .bat, unapata ile iliyopangwa kwenye mipangilio ya nchi ya Windows, na kama ina mistari ya mkwaju, kompyuta inaidhani ni folda na faili halitoki. Nikaichukua kwa PowerShell, programu nyingine ya amri ya Windows, mwaka kwanza, mwezi, siku, vikitenganishwa na vistari. Faida nyingine ya mpangilio huo ni kwamba mafaili yanajipanga yenyewe kwenye folda kwa mfuatano wa siku.

Kila kazi ikapata .bat yake. Kwenye sqlcmd nikaongeza -b, herufi moja ambayo watu wengi huiacha. Bila hiyo, kwiri inaweza kukosea katikati, labda safu fulani imebadilishwa jina na waliosasisha programu ya mauzo, na bado sqlcmd ikarudisha sifuri kana kwamba mambo ni shwari. Ukiiweka, kosa linarudi kama kosa. Nikaacha pia kuandika neno la siri ndani ya faili la amri, maana yeyote anayefungua folda analisoma. Nikatumia -E, ambayo inaingia kwa akaunti ya Windows inayoendesha kazi, nikaipa akaunti hiyo ruhusa ya kusoma tu pamoja na ya kutengeneza nakala rudufu.

Lakini kilichotuokoa zaidi ya vyote hakikuwa kwenye kompyuta. Juu ya kila ripoti niliweka mistari mitatu: saa ambayo kanzidata inaamini ni saa hizi, saa ya mauzo ya mwisho yaliyoingizwa, na idadi ya bechi zilizopatikana, hata kama ni sifuri. Kisha tukanunua kaunta buku. Kila asubuhi mtunza stoo anafungua faili la leo, ananakili mistari hiyo mitatu kwa kalamu, anatia sahihi. Bosi aliona ni kurudi nyuma, kompyuta inafanya kazi halafu mtu anaandika kwa mkono. Nikamwomba miezi mitatu ya majaribio.

Haikufika miezi mitatu. Tulirudi kutoka sikukuu ya Pasaka, umeme ulikuwa umekatika siku mbili, mtu akawasha kompyuta na kuifyatua kazi ya orodha kwa mkono. Ripoti ikatoka ikiwa na bechi sifuri. Zamani sifuri ingekuwa habari njema: hakuna kinachokaribia kuisha. Lakini dada aliponakili mstari wa kwanza, akakuta kanzidata inaamini ni Januari 2009, na mstari wa pili unasema mauzo ya mwisho ni ya 2019. Akaweka kalamu chini akaniita kabla kaunta haijafunguliwa.

Ilikuwa betri ya saa, ile ya duara bapa kama sarafu inayokaa kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuiwezesha kompyuta kukumbuka saa ikiwa haina umeme. Ikifa, ukikata umeme kompyuta inarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Windows wakati mwingine huweza kujirekebisha kupitia intaneti, ila bando letu lilikuwa limeisha siku za sikukuu. Kwiri iliuliza kwa uaminifu kabisa: bechi zipi zinaisha ndani ya siku 180 kuanzia leo, na leo yake ikiwa 2009. Nilinunua betri mpya kwenye duka la saa, nikarekebisha tarehe, kaunta ikafunguliwa ikiwa imechelewa dakika arobaini. Tungeuza siku ile bila kujua, kila ankara ingeandikwa 2009, na kuzisaka moja moja baadaye kungetutoa jasho. Bosi hakuuliza tena habari za kaunta buku.

Umeme ulituonyesha na jingine. Tulinunua UPS mpya, kile kifaa chenye betri kinachobeba kompyuta umeme ukikatika, na ndani ya boksi kulikuwa na waya wa USB, nasi tukauchomeka kwa kuwa ulikuwamo. Baada ya hapo nakala rudufu zikaanza kukatika katikati, siku mbili zipo, siku ya tatu hakuna. Waya ule unaiambia Windows kwamba kompyuta ina betri, kwa hiyo Windows ikaanza kuichukulia kama laptopu. Na Task Scheduler, usipoigusa, inakuja ikiwa imewekewa alama kwamba kazi ianze tu kama kuna umeme wa ukutani, na isimamishwe ikihamia kwenye betri. Umeme ukipepesa sekunde tano, UPS inabeba, hakuna taa inayozimika, lakini kazi iliyo katikati inauawa. Nilitoa alama zote mbili. Hapo hapo nikaweka alama kwenye kisanduku kingine ambacho huja kikiwa wazi: kazi iliyokosa saa yake ianze mapema iwezekanavyo kompyuta ikirudi. Palipo na umeme unaokatikakatika, visanduku hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kuviangalia.

Mengine yalikuwa ya kwiri yenyewe. Mwisho wa Mei 2019 tuliwasha ripoti ya mwezi kwa mara ya kwanza, itoke yenyewe alfajiri ya tarehe moja. Mama mhasibu, ambaye kila mwezi hujumlisha kwa kikokotoo chake hata kama umempa Excel, aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Hesabu yako ni ndogo kuliko yangu."

Alikuwa ameshatoa hesabu moja kwenye nyingine. Akafungua kitabu cha mauzo ya siku, akateremsha kidole hadi Ijumaa tarehe 31, akanionyesha: tofauti ilikuwa sawasawa na mauzo ya siku ile, hadi shilingi ya mwisho. Kwiri yangu ilisema kati ya tarehe 1 na tarehe 31. Lakini safu ya mauzo hubeba tarehe pamoja na saa, na ukiandika tarehe 31 bila saa, kanzidata inaisoma kuwa usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo. Kila kilichouzwa tarehe 31 baada ya hapo kinaachwa nje. Siku hizi naandika kuanzia tarehe 1 ya mwezi huu na kabla ya tarehe 1 ya mwezi ujao, na tarehe naiandika kwa tarakimu nane zilizoshikana, 20190501, kwa sababu 01/05/2019 inaweza kusomwa kuwa tarehe tano Januari kutegemea lugha ya akaunti. Kwiri ya mkono ukikosea unakosea mara moja. Iliyopangwa ingekosea kila mwezi kwa namna ile ile, na baada ya mwaka tungeuzoea upungufu tukauona ni hali ya biashara. Namshukuru mama yule na kikokotoo chake.

Kuna siku pia nilikubali kupanga kwiri nzito ya madeni itoke saa nne asubuhi, maana bosi alikuwa na kikao. Saa nne ndiyo saa ya foleni kwetu. Kwiri ilisoma jedwali zima la mauzo, na ikiwa inasoma ililifunga kwa kufuli ili wengine wasiandike ndani yake, kaunta zote tatu zikaganda huku wateja wamesimama na hela mkononi. Niliihamishia alfajiri, naye akaenda kikaoni na takwimu za asubuhi, ambazo hazikumpungukia kitu.

Mwanzoni mwa 2021, nikiwa nakabidhi kazi kwa kijana mwingine, simu yangu iliita saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Alikuwa mtunza stoo mpya, aliyekuwa na wiki mbili tu pale.

"Kaka, samahani kwa kukuamsha. Nimefungua folda, faili la leo halimo. Niandike nini kwenye daftari?"

Nilimwuliza kama kompyuta inawaka. Haikuwa inawaka. Aliyefanya usafi jioni alikuwa amechomoa UPS ukutani ili asogeze meza, akasahau kuirudisha, ikajimaliza usiku. Nikamwambia achomeke, abonyeze kitufe, asiguse kitu kingine, asubiri. Nilibaki kwenye simu, nikimsikia akivuta marobota kupata njia ya kufikia ukuta. Baada ya kama dakika kumi akasema, "Limekuja. Bechi 17, mbili zina nyota." Nikasikia kalamu. Kisha akanisomea alichoandika: tarehe, saa, 17, na pembeni, kwa uamuzi wake mwenyewe, "ilichelewa, UPS ilichomolewa," akatia sahihi, akaenda kuzitafuta zile mbili kwenye rafu.